Walinikamata kwa dawa ya mtumbwi, wakataka niseme "Nimeacha"

Wakuu wa humu ndani, heshima kwenu. Ila shikamoo mnipe mimi kwanza, maana nina wajukuu wa umri wa wengi wenu.

Mimi ni bibi wa Busunzu, Kibondo. Shule niliishia darasa la tatu. Naandika mwenyewe kwa kidole kimoja, kwa hiyo nikikosea herufi mnivumilie. Nikikosea ukweli msinivumilie. Njooni kivukoni muulize, watu wote nitakaowataja wapo, ila majina nimebadilisha.

Ni mwaka ule tuliokula njegere za njano.

Wa Kigoma mnaelewa. Warundi walikuwa wamejaa tena kambini, njegere za msaada zikamwagika soko la Kasulu mpaka zikafika kwetu Kibondo. Maharage yetu wafanyabiashara wakabeba yote, sisi Waha, watu wa maharage, tukabaki tunachemsha njegere asubuhi na jioni. Haziivi. Unachemsha mpaka kuni zinaisha, unakula zikiwa zinagonga meno kama kokoto. Wanasema ni elfu mbili na kumi na tano. Mimi najua ni mwaka wa njegere.

Ndiyo mwaka huohuo waganga walikuwa wanasakwa kila kona kwa sababu ya ule unyama waliofanyiwa ndugu zetu albino. Na walistahili kusakwa. Hilo nisieleweke vibaya.

Sasa kazi yangu.

Mimi napaka mitumbwi. Si ya mapambo, mitumbwi ya biashara, inayovusha watu na magunia mto Malagarasi. Huku Kibondo, ng'ambo Kasulu. Marehemu mume wangu alikuwa fundi wa mitumbwi ziwani kabla hatujarudi nyumbani. Yeye aliunda, mimi nikapaka. Alipofariki, mafundi wengine wakaja wakaunda, mpakaji nikabaki mimi.

Mtumbwi wa mbao ni kama mtu mzima, una magonjwa yake. Kwanza unaupandisha nchi kavu. Unaukwangua rangi yote ya zamani mpaka mbao ibaki tupu, sisi tunasema kuuvua nguo. Unaulaza kifudifudi. Penye ufa unachanja kwa patasi, upanue kidogo, ili pamba ipate pa kushika. Halafu unawasha nyasi kavu chini yake, moto mdogo wenye moshi mwingi, unyevu utoke na wadudu wafe. Huko ndiko kufukiza. Maji yakichuruzika kwenye nyufa tunasema mtumbwi unalia. Ukishakauka unashindilia pamba, ndipo unapaka dawa.

Dawa yenyewe ni lami, mashapo ya mawese na utomvu wa mti, vinachemshwa pamoja. Kipimo sisemi, humu kuna wezi. Juu ya dawa, sehemu isiyoguswa na maji, ndipo unapiga rangi ya dukani upendavyo.

Dawa ile ndiyo kinga ya mtumbwi. Rangi ni urembo.

Na mimi jina langu pale kivukoni lilikuwa Bibi Dawa. Jina zuri tu, nililipenda. Kwa Kiha dawa ni umuti. Ya kichwa umuti, ya ng'ombe umuti, ya mbao umuti. Na kwa Kiswahili ni hivyohivyo, si mnasema dawa ya viatu? Dawa ya meno? Dawa ya mbu?

Haya, kaeni na hilo.

Siku hiyo niko zahanati, foleni ya presha. Mabenchi yamejaa. Pembeni yangu amekaa Mtendaji wetu mpya, kijana wa mkoa mwingine huko, ameletwa hana hata mwezi. Shati limenyooka, kalamu mfukoni, anakohoa.

Simu yangu ikalia. Ni Hamisi, mfanyabiashara wa Kasulu mjini, mwenye duka na mitumbwi yake pale kivukoni. Mtumbwi wake mkubwa kuliko yote unaitwa Neema.

Mtandao wa pale mnaujua, lazima upige kelele. Nikapiga kelele.

Hamisi ananiambia Neema amekuwa mzito, anakunywa maji. Nami nikamjibu, na maneno yangu nayakumbuka yote kwa sababu baadaye nilisomewa:

"Mtoeni majini leoleo! Mvueni nguo zote. Nasema zote, asibaki na hata moja! Mlazeni kifudifudi. Halafu mchanjeni mgongoni, msiogope, chanjeni ndani kabisa! Kama analia mwacheni alie mpaka akauke. Watoto wasimsogelee. Nikija nitamfukiza mwenyewe, nimpe dawa na kinga, hatakunywa maji tena!"

Nikakata simu. Zahanati nzima kimya.

Mimi nikadhani wamenyamaza kwa heshima. Nikasema moyoni, kumbe watu wa siku hizi bado wanajua kumnyamazia mzee akiongea na simu.

Mtendaji akainuka akatoka nje. Hata dawa yake ya kikohozi hakuchukua.

Kesho yake asubuhi gari la polisi likasimama uani kwangu. Askari watatu na Mtendaji. Mkubwa wao, mtu mzima mwenye kitambi, akaniamkia vizuri, halafu akauliza:

"Bibi, Neema yuko wapi?"

"Yuko mtoni."

Akafumba macho. "Yuko mzima?"

"Mzima gani na nyufa zile? Amelazwa kifudifudi kama nilivyoagiza. Nasubiri akauke."

Mtendaji akaruka, "Si mnasikia? Si mnasikia wenyewe?"

Wakaingia ndani. Wakatoa sufuria yangu ya lami, pamba yangu, patasi yangu, na kile kitambaa chekundu ninachofungaga kwenye mtumbwi mbichi ili watu wasiuguse. Wakavipanga chini kama maiti. Majirani wamejaa kwenye ua. Nikapandishwa kwenye karandinga, mimi mwanamke wa umri huu, nashikwa kiwiko na mtoto aliyezaliwa juzi.

Tukaenda mtoni. Pale kwenye mchanga amelala Neema wa watu, mrefu, tupu, tumbo chini. Ubavuni jina lake kubwa kwa rangi ya njano ambayo vijana wa Hamisi walikuwa hawajaimaliza kukwangua. NEEMA.

Yule askari mwenye kitambi akalisoma. Akanitazama mimi. Akalisoma tena. Akaanza kucheka mpaka akashika mti asianguke. Wenzake nao wakacheka. Mmoja akawa anauliza, "Sasa huyu ndiye anayelia?" na mwingine, "Mvishe nguo bwana, atapata baridi!"

Mtendaji hakucheka.

Na mimi sikucheka. Mpaka leo nikisimulia watu wanacheka hapo, mimi sicheki. Kwa sababu wale askari walinipa pole, wakaondoka na gari lao. Nilipopandishwa lile gari kijiji chote kilikuwa kimesimama kando ya njia kunitazama. Niliporudi kwa miguu na sufuria yangu kichwani, hakukuwa na mtu wa kunitazama. Milango imefungwa.

Aliyekamatwa huonekana. Aliyeachiwa anasikika kwa tetesi tu, na tetesi ilikuwa kwamba nimehonga.

Haya. Mngedhani Mtendaji angekuja kuniomba radhi. Wapi! Aliitisha mkutano wa kijiji.

Akasimama mbele ya watu akasema wao kama serikali wanataka kijiji safi. Kwamba yaliyotokea yametokea, hakuna wa kumlaumu. Kwamba hata hivyo maneno haya ya dawa, kinga, kuchanja, kufukiza, ni maneno ya kiganga, yanaleta hofu. Kwa hiyo ili yaishe, Bibi asimame hapa mbele yenu aseme neno moja tu. "Nimeacha."

Nikasimama.

Nikamwambia, "Mwanangu, niache nini?"

"Hayo mambo, Bibi."

"Mambo yapi? Yataje."

"Bibi, tusibishane. Ni neno moja."

"Nesi wa zahanati anachanja watoto kila kliniki. Umeshamkamata? Huyo mwenye duka hapo anauza dawa ya meno, ni mganga wa meno? Viatu vyako hivyo vinang'aa, umevipaka dawa asubuhi. Anza wewe kuacha, na mimi nitafuata!"

Watu wakacheka. Nikajua nimeshinda. Sikushinda. Kucheka walicheka, lakini hakuna hata mmoja aliyesimama akasema huyu mama tunamjua, ametupakia mitumbwi dawa tangu hatujaoa. Hamisi alikuwepo. Alikuwa rafiki wa mume wangu, amekula kwangu mara nyingi. Alikuwa anatazama kandambili zake kama ndiyo kwanza anaziona.

Mtendaji akasema tena, safari hii kwa sauti ya ofisi, "Bibi, utasema au husemi?"

Nikajibu: "Uganga sikuanza, na kupaka siachi."

Nikakaa chini.

Kuanzia siku hiyo wakaanza kuja nyumbani mmojammoja. Wazee wa kanisa wakaja. "Bibi, ni neno tu, Mungu anajua moyo wako." Nikawauliza, kama Mungu anajua moyo wangu, hilo neno ni la nani? Wakanywa uji wakaenda.

Nilichokasirikia si Mtendaji kunisikia vibaya. Kusikia vibaya ni bahati mbaya, hata mimi kwa maneno yale ningeshtuka. Kilichonichoma ni kwamba walishajua ukweli, wameuona kwa macho umelala mchangani una jina la njano, na bado wanataka mimi ndiye nijipake uchafu ili wao wapumue.

Turudi kwa Neema.

Yule mtumbwi alibaki pale amechanjwa, pamba hakuna, dawa hakuna. Mimi nimekatazwa kufika kivukoni na sufuria. Mvua zinaanza. Hamisi anataka hela ya msimu.

Siku moja nikapita, nikamkuta na vijana wake wanapiga rangi ya mafuta, ya buluu, inang'aa kama sahani ya harusi. Wanaipiga moja kwa moja juu ya mbao mbichi.

Nikamwita kando. "Hamisi, unafanya nini?"

"Bibi, nakuheshimu kama mama yangu mzazi. Lakini abiria wanaogopa. Wanasema hawapandi mtumbwi wa dawa."

"Mtu amechanjwa mgongo mzima, vidonda viko wazi, wewe unamvisha kanzu?"

"Nimeambiwa Kasulu kwamba hii rangi ni nzuri sana, hata maboti ya ziwani wanapaka."

"Wanapaka juu ya kitu kilichokauka na kuzibwa! Hii itavimba, itabanduka. Hamisi, mshushe majini ukitaka, wako. Lakini usimpakie watu."

Akasema "Inshallah Bibi, inshallah," ile inshallah ya kumfukuza mtu.

Akampakia watu.

Siku ya mnada ng'ambo, Neema alijazwa magunia na akina mama na baiskeli juu. Ndani yake alikuwemo Ledisia, mke wa mwanangu Yohana, amebeba maharage ya shamba lao lote, waliyoyaficha wakati sisi tunakula njegere ili wayauze kwa bei nzuri. Nilimwambia asipande. Aliniambia, "Mama, na wewe, mtumbwi mpya ule." Mpya! Buluu imemdanganya.

Walipofika katikati, rangi ikaanza kubanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua maji moto. Hivyo ndivyo Ledisia alivyosimulia. Vipande vya buluu vinaelea, na kwenye kila alama ya patasi maji yanaingia. Wakayachota kwa makopo, kwa sufuria, kwa mikono. Neema akazama karibu na ukingo wa Kasulu, penye matete, na hayo matete ndiyo yaliyowaokoa. Walishika matete wakavutwa mmojammoja.

Hakufa mtu. Nasema tena hakufa mtu, na hilo namshukuru Mungu hata nikiwa na hasira. Lakini maharage yote yalienda na maji. Ledisia alirudi amelowa, meno yanagongana, mguu mmoja hauna kiatu.

Nikamfunika blanketi. Nikampa uji. Akanitazama juu ya kikombe, akaniuliza kwa sauti ndogo:

"Mama, ni kweli ulisema kitu?"

Wakuu, hapo ndipo nilipokufa mimi.

"Nilisema," nikamjibu. "Nilisema usipande."

Maana kabla hata nguo zake hazijakauka, kijiji kilikuwa kimeshahukumu. Bibi Dawa amemfunga Neema. Bibi Dawa alikwenda mtoni akamwambia Hamisi itabanduka, na kweli ikabanduka! Kwa hiyo alijuaje?

Nilijuaje! Mtu akikwambia ukila njegere mbichi utaumwa tumbo, ukaumwa, amekuroga?

Mkutano wa pili ukaitwa. Safari hii hakuna aliyecheka. Mtendaji akasema mnaona sasa, nilitaka liishe mapema. Akageuka kwangu. Hakunitazama usoni, alinitazama kwenye kitambaa cha kichwa.

Mwanangu Yohana alikuwa amekuja kutoka Kasulu, kule anakofanyia useremala. Alikuja mbele ya watu wote akapiga magoti. Mwanangu mimi, mwanaume mwenye watoto.

"Mama, nakuomba. Ni neno moja. Sisi tunaishi na watu. Watoto wangu wanaitwa wajukuu wa mchawi shuleni. Sema tu, twende nyumbani."

Sitawaficha. Nilimtazama utosi wake, ule utosi niliouosha mwenyewe, nikafungua mdomo, na neno lilikuwa pale mlangoni. Ni jepesi kweli. Herufi chache hata mimi wa darasa la tatu naziandika.

Halafu nikafikiria. Nikisema nimeacha, nimekubali nilikuwa na huo uganga. Nikikubali nilikuwa nao, basi ni mimi niliyemzamisha Neema. Na wale watoto hawatakuwa wajukuu wa mchawi kwa tetesi, watakuwa wajukuu wa mchawi kwa mdomo wa bibi yao. Na Hamisi ataendelea kupaka buluu juu ya vidonda na kupakia watu, maana kosa si la rangi, kosa ni la bibi.

Nikamwinua mwanangu. Nikampangusa magoti. Nikamjibu Mtendaji: "Uganga sikuanza, na kupaka siachi."

Sufuria yangu waliitupa mtoni. Mnajua sufuria ya lami ya miaka yote ile ilivyokuwa imeshika dawa? Ingine haitapatikana.

Mtendaji alihamishwa baadaye, akaenda kunyamazisha watu wa kwingine. Hamisi alikuja siku moja kabla ya masika, akakaa pale kwenye kigoda, akazunguka weee, mwisho akatoa: "Bibi, tuseme tu umeacha, halafu uje upake kama kawaida. Mimi nitasema ni rangi."

Nikamwambia, "Yaani niseme uongo ndipo nipewe ruhusa ya kufanya kazi ya kweli? Nenda, Hamisi. Kikombe acha hapo, nitaosha."

Wa upande wa Kasulu hawakuniuliza neno lolote. Walinivusha, wakaninunulia sufuria, nikaanza kupaka mitumbwi yao mchana kweupe. Wananiita Bibi Dawa kwa sauti, nami naitika kwa sauti. Wa huku kwetu wanapanda hiyohiyo mitumbwi kurudi nyumbani na hawaulizi imepakwa na nani.

Kwa nini nimekumbuka leo? Kwa sababu juzi Yohana amenipigia. Anasema kivukoni kwetu wanaunda mitumbwi mipya ya kijiji, wanataka mpakaji, na wazee wamenitaja mimi. Nikafurahi. Nikaanza hata kuuliza mbao gani. Halafu akasema, "Ila Mama, wanaomba kwanza lile neno. Wameshasahau mengine yote, ni kwa ajili ya utaratibu tu."

Wameshasahau! Wao ndio wamesahau, mimi ndiye nisamehewe!

Nilichojifunza nawapa bure. Ukisikia mtu anaongea maneno ya kazi usiyoijua, muulize, mdomo haulipiwi. Na ukishajua kwamba ulikosea, usimwombe uliyemkosea akusaidie kulibeba kosa lako kwa jina la amani. Na wenye mitumbwi, tafadhali, rangi haizibi ufa. Kausha, ziba, paka dawa, ndipo urembeshe. Humo mna mama za watu.

Haya, uwanja wenu. Wenye kazi zenye maneno yanayowaponza kama yangu, leteni tusikie. Wa Kasulu na Kibondo mnaonijua, semeni mnachokijua, zuri na baya. Na wale wanaotaka kuniandikia "Bibi, ni neno moja tu, yaishe," andikeni na nyinyi, sikatazi. Ila msisubiri nijibu kila mmoja, macho yangu yamechoka na kidole ni kimoja. Jibu la Yohana, la wazee na lenu ni hilihili:

Uganga sikuanza, na kupaka siachi.